Usianze na Jina la Chakula: Kupika Mlo wa Kushiba kwa Kilichopo Jikoni

Mwezi ukishafika tarehe ishirini na kitu, swali nyumbani ni lile lile: "Leo tunakula nini?" Wengi tunajibu kwa kutaja jina la chakula. Pilau. Wali nyama. Ndizi nyama. Ukishataja jina, umeshaanza kuhesabu usivyonavyo: nyama hakuna, hoho hakuna, mafuta yamebaki ya kukwangua. Mwisho mtu anatoka kwenda kununua chipsi mayai za familia nzima, na jikoni ameacha choroko, vitunguu, nusu fungu la dagaa na matembele yanayonyauka.

Ushauri wangu ni kuliacha jina kwanza. Fungua kapu na kabati, tafuta kitu kitakachoharibika mapema kuliko vyote, na hicho ndicho kiamue mlo wa leo. Nyanya zilizolegea zinatangulia viazi. Matembele yanatangulia kabichi. Choroko, dagaa na unga vinaweza kungoja. Baada ya hapo tafuta cha kushibisha, ambacho karibu kila nyumba kipo (unga, mchele, muhogo, viazi, ndizi), halafu kipe mwenzake wa kukitia utamu: nazi, karanga, au rojo iliyoungwa vizuri.

Nakaa kidogo kwenye kuunga, kwa sababu hapa ndipo chakula cha kubahatisha kinapopona au kufa. Watu wengi wana haraka na kitunguu. Wanakitia kwenye mafuta, kabla hakijabadilika rangi wanamwaga nyanya, wanaongeza maji, kisha wanalalamika mboga imekuwa chachu na haina ladha. Kata kitunguu chembamba, kitie kwenye mafuta ya moto na chumvi kidogo, moto uwe wa wastani, ukigeuze mpaka kiwe rangi ya dhahabu pembeni na harufu yake iwe tamu. Kitunguu saumu na tangawizi vifuate baadaye, maana kitunguu saumu kikiungua kinaacha uchungu. Kama una bizari, itie sasa ikaangike kwenye mafuta kwa muda mfupi. Ndipo nyanya zije. Ziache zipondeke, zikauke maji yake, mpaka uone mafuta yanajitenga na kupanda pembeni ya sufuria. Usitie maji kabla ya hapo. Rojo ya namna hiyo, hata ya kitunguu kimoja na nyanya tatu, itabeba karibu chochote utakachoiwekea: mayai ya kuchemsha, viazi, maharage, dagaa, hata bamia.

Na nyanya nzuri kwa kazi hii ni zile zinazokimbiwa na wateja. Mama wa genge la mtaani kwetu ameshanijua. Nikipita jioni ananiita, "Mwanangu, hizi zimeiva mno, chukua nikuongeze." Namwambia, "Shikamoo mama, weka zote." Kwa kachumbari hazifai, zinatoa maji. Kwa rojo zinavunjika upesi, zina utamu wake, na nyanya ya kopo huihitaji tena.

Sasa nije kwenye sufuria ninayoipenda kuliko zote, mseto. Watu wa Pwani mnaujua. Ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja kwa tui. Mimi napika vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja cha choroko na nazi moja. Choroko zichambue kwa makini, kijiwe kimoja kinaharibu mlo wote. Zioshe, zichemshe mpaka zianze kupasuka, lakini zisiwe uji. Tia mchele uliooshwa, chumvi na tui jepesi, lile la kukamulia mara ya pili, la kutosha kufunika mchele na kuzidi kidogo. Mchele ukishaiva na maji kukaribia kukauka, mimina tui zito, geuza kwa mwiko, punguza moto na ufunike. Kama una jiko la mkaa, weka makaa machache juu ya mfuniko. Mseto hauchambuki kama pilau, unatakiwa uwe laini na ushikane. Chakula hiki kinakaa tumboni, na protini yake nayo ni nzuri: protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, moja ya vipande vinavyojenga protini, na jamii ya kunde ina lisini nyingi, kwa hiyo vikiliwa pamoja vinajaziana pengo. Makande nayo ni hivyo hivyo, mahindi na maharage tu bila kipande cha nyama, na yanaweza kumtoa mtu shambani asubuhi mpaka jioni.

Juu ya mseto weka dagaa. Dagaa wa Mwanza, wa Kigoma au wa baharini, kila mtu na anaowapenda. Mimi naona wa Kigoma wana ladha zaidi. Kinachowaharibia sifa ni mchanga tu. Watoe vichwa, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wakoroge kwa mkono na uwaache kidogo ili mchanga uzame, halafu waokote kutoka juu badala ya kumwaga maji na dagaa pamoja. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe safi. Wachuje wakauke, wakaange mpaka wawe wakavu, ndipo uwatie kwenye rojo dakika za mwisho na kukamulia ndimu. Ukiwatia mapema wanalowa na kuvunjikavunjika.

Ndimu hiyo usiione ni mapambo. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga za majani na kunde, kwa hiyo matembele au mchicha uliokamuliwa ndimu mezani unakufaa zaidi. Chai ya rangi inafanya kinyume chake. Tuna mazoea ya kuteremshia chakula kwa chai. Kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto aliyeambiwa damu yake ni ndogo, chai isogezwe mbele, mbali na mlo.

Bukoba wana katogo, nayo ni sufuria moja. Ndizi mbichi na maharage, au ndizi na utumbo ukibahatika. Uganda wanaila sana asubuhi. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usigande, na ukishazimenya zitie kwenye maji zisiwe nyeusi. Maharage yaive kabisa kwanza, kisha ndizi ziingie pamoja na ile supu ya maharage, usiimwage. Kitunguu na nyanya vifuate. Nasisitiza maharage yaive kabla ya nyanya, kwa sababu uchachu wa nyanya unachelewesha kulainika. Mtu anamaliza mkaa wake akidhani maharage ni ya zamani. Yaloweke tangu usiku. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanapoteza vitamini B1, na mimi nimeyaacha.

Chapati za jana zikibaki, zikate vipande na uzipashe ndani ya rojo ya maharage. Kampala wanaita kikomando, na wanafunzi wengi wamesoma kwa chakula hicho.

Wali uliobaki ni habari nyingine, na hapa naomba mnisikilize hata kama tumekulia kwenye kiporo na chai ya asubuhi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa mchemko wa kawaida. Wali ukikaa usiku kucha kwenye sufuria jikoni, hasa kwa joto la Dar es Salaam, anazaliana na kutoa sumu, na kuna sumu yake ambayo haiondoki hata upashe moto vipi. Kama una friji, utandaze wali kwenye sinia upoe haraka, uufunike na kuuingiza ndani kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive. Kama huna friji, pika unaotosha. Ni afadhali watu waongeze muhogo wa kuchemsha pembeni kuliko kulaza wali mezani.

La mwisho ni akiba, kwa sababu kupika kwa kilichopo kunahitaji kiwepo. Mshahara ukitoka, kabla ya kununua vinono, mimi naweka choroko, dagaa wakavu, karanga na vitunguu. Choroko na kunde huingiliwa na fukusi upesi, kwa hiyo zianike juani mpaka zikauke barabara, kisha zitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Karanga na mahindi yanahitaji jicho kali zaidi. Yakipata unyevu yanaota ukungu na kuingia sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na sumukuvu haiondoki yote kwa kukaanga wala kupika. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo. Kabla ya kutwanga karanga za mboga, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, uzichambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, itoe, na usimpe kuku.