Kilo mbili za unga mwezini

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha fizikia, usifungue mada ya uzito kwa jedwali la sayari. Mwaka wangu wa kwanza nililijaza ubao mzima, mvutano kwa nyutoni (kipimo cha nguvu) kwa kila kilo: Mwezi 1.6, Mirihi 3.7, Mshtarii 24.8. Wakalikariri lote. Kwenye jaribio nikauliza: pakiti ya unga ya kilo 2 inayotosha watu 8 hapa, ikifika mwezini itatosha wangapi? Karibu darasa zima likapunguza watu. Mmoja akaongeza kuwa mpishi mwenyewe atakuwa amekonda.

Kosa halikuwa lao. Dukani uzito ni kilo, basi. Sisi tunaingia darasani, tunasema kilo ni za tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe usiobadilika kikihamishwa, na uzito ni nyutoni, halafu tunashangaa mbona hawaelewi.

Siku hizi naingia na mizani mbili: ya mawe, na ya springi ile ya kuning'iniza. Tukizibeba mwezini pamoja na unga wetu, zitasomaje? Waache wabishane, hata kipindi kikiisha. Ya mawe itasoma kilo 2 vilevile, kwa kuwa mawe nayo yamepungua uzito sawasawa na unga. Ya springi itadanganya: mshale utasimama karibu na gramu 330, maana inachopima ni mvutano, ila uso wake umeandikwa kilo za Duniani. Hapo nyutoni zinapata kazi: karibu 20 hapa, 3.2 kule.

Wengine hutumia madumu mawili ya lita 5, moja limejaa, jingine lina maji yasiyofika lita moja, mwanafunzi anyanyue asikie "uzito wa mwezini". Mkono unaelewa haraka, ila watoto wanaona maji yamepunguzwa, tunarudi kwa mpishi aliyekonda. Mimi huyafunga kamba nikayaning'iniza, nikawaambia wayasukume ghafla. Lililojaa hukaidi, na mwezini lingekaidi vivyo hivyo.

Jedwali lije mwisho, na wapewe Mirihi na Zebaki kwanza. Tungamo la Mirihi ni karibu mara mbili ya la Zebaki, lakini zote ni 3.7. Kwa nini? Mirihi ni kubwa, uso wake uko mbali zaidi na kitovu. Na jiandae kuulizwa Mshtarii tutasimama wapi, maana haina uso mgumu na ile 24.8 ni ya juu ya mawingu. Mimi nilipoulizwa mara ya kwanza nilifuta ubao nikasema tutaendelea kesho.