Mama kaandikiwa operesheni ya mtoto wa jicho, kupimwa jicho kwanza ni lazima? Jibu langu

Ndugu yangu nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mamako yuko Faza, ana mtoto wa jicho macho yote mawili na kinyama pembeni mwa jicho moja, daktari wa Malindi kataka arudi siku nyingine akapimwe jicho ndio apangiwe operesheni, na nduguzo wanasema hiyo ni nauli ya bure maana kuna jirani alipasuliwa kwenye kambi ya macho siku hiyo hiyo aliyofika na anaona vizuri. Mie nakwambia mpeleke. Hata kama ni kukopa nauli, mpeleke, na nakwambia hivi kwa sababu ya babangu.

Mzee wangu ni fundi wa majahazi, Matondoni, umri wake wote ni tezo na mbao. Jicho la kushoto liliingia ukungu mpaka likawa jeupe, ikaja kambi ya macho, akapasuliwa bure, kesho yake bandeji ikatolewa akaniona, wallahi nyumba nzima tulilia. Lakini wiki zikapita nikawa naona kitu sikielewi. Anachukua msahafu anausoma bila miwani kabisa, ila akikaa barazani hamjui anayekuja mpaka mtu atoe salamu, na akisimama ufukweni tanga lililo mbele yake tu analiona kama shuka limetupwa majini. Tukadhani operesheni imeharibika. Haikuharibika, mkono wa daktari ulikuwa safi tu. Tatizo lilikuwa lenzi.

Manake iko hivi. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ya kuzaliwa nayo imeingia ukungu, sasa wakiitoa lazima watie nyingine ya plastiki, na hiyo ina pawa yake kama miwani ilivyo na pawa, ila hii inakaa ndani na hutaibadilisha kila ukitaka. Pawa gani atiwe mamako inategemea vitu viwili vikubwa, urefu wa jicho kutoka mbele mpaka nyuma, na kile kioo cha mbele kimepinda kiasi gani. Macho mengi ya watu wazima yana urefu wa milimita 23 na nusu hivi, ndio maana pasipokuwa na vipimo mtu hutiwa lenzi ya 21 au hapo karibu na wengi wanatoka salama. Huyo jirani yenu huenda jicho lake ni la kawaida, kabahatika. La babangu lilikuwa 24.9. Alitakiwa atiwe kama 17, akatiwa 21, akabaki na minas 3, yaani namba ya miwani ya mtu anayeona karibu lakini mbali haoni. Milimita moja tu ya urefu ukiikosea, namba ya miwani inahama kwa karibu 2 na nusu mpaka 3. Nilipomweleza mzee hakunihoji hata, akasema, "Mwanangu, mkuku ukiukosea kipimo, mbao zote za juu zitakwenda kombo."

Hizo namba tulizijua baadaye, jicho la kulia lilipoanza nalo na mie nikaapa safari hii halipasuliwi bila kupimwa. Tukaenda Malindi. Kwanza dada wa vipimo akamweka kwenye mashini ya mwanga, unaweka kidevu unatazama ndani, haigusi jicho wala nini. La kushoto ikalisoma pale pale. La kulia ikakataa, kwa sababu mwanga haupiti kwenye ukungu mzito. Ndipo akamtia matone ya ganzi akachukua kifimbo cha altrasaundi, chembamba kama kalamu, nchani kina kitaa chekundu, akamwambia mzee atazame hicho kitaa tu. Mara ya kwanza ikaja 24.3. Akasema hapana, hapo nimeligandamiza, ukiligandamiza jicho linajisoma fupi na ukiifuata hiyo namba utatia lenzi kali kuliko inavyotakiwa. Akarudia, akarudia tena, 24.7, 24.8, 24.8, zile zilizotofautiana akazifuta. Nilisimama nyuma yake nikiangalia vile anavyoushikilia mkono wake usitetemeke, na nikafikiria kama la kushoto lingepata dakika kumi kama hizi.

Sasa mamako. Kwanza hicho kinyama kitaje siku ya vipimo hata kama wanakiona, maana kikishaingia juu ya kioo cha mbele kinakivuta na kipimo cha mpindo kinadanganya, wakati mwengine daktari hukitoa kwanza halafu mnangoja miezi kadhaa jicho litulie ndio lipimwe. Msione kama mnazungushwa, ni sawa hivyo. Pili, hakikisha wanapima macho yote mawili hata kama linapasuliwa moja, kwa sababu macho ya mtu mmoja hayapishani sana kwa kawaida, wakiona yamepishana zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana wanarudia. Na mpindo upimwe kabla jicho halijaguswa na kile kifimbo. Kama ana sukari aseme, wataangalia na nyuma ya jicho.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia mara ya kwanza, muulizeni mama anataka aone nini bila miwani. Kama ni mtu wa msahafu na kushona kofia, au ni mtu wa kutoka na kutazama njia, mwambieni daktari kabla hajachagua lenzi. La kulia la babangu daktari hakulipeleka kwenye sifuri, yaani kuona mbali bila miwani, alieleza kwamba kushoto tayari ni minas 3 na macho yakipishana sana kuna watu hupata kizunguzungu, kwa hiyo akalenga minas 1. Mzee sasa anasoma kwa kushoto, anatembea kwa kulia, akitaka kuona mbali zaidi anavaa miwani.

Kuhusu nauli, piga simu kabla mwombe vipimo na operesheni viwe siku zinazofuatana, jicho la mtu mzima halibadiliki urefu kwa siku mbili tatu, kama kinyama hakitazuia inawezekana. Mkirudi siku ya vipimo na wamemtia dawa ya kupanua mboni, vitu vya karibu hataviona vizuri, tena jua litamuumiza, basi mchukulieni mtandio mpana na pale gatini Mokowe mtu ashuke mbele yake kwenye boti amshike mkono, zile ngazi maji yakitoka huwa zinateleza.