Lifti mbovu, kodi imepanda: mama afanyeje?

Pole sana ndugu. Umeuliza mama yako, anayeishi kwenye jengo la wazee la Kifungu cha 202 huko Marekani, afanyeje. Mama wa miaka 74 kupanda ngazi wiki 3 kwa sababu ya lifti mbovu, halafu kodi ya nyumba nayo ipande, inauma.

Majengo ya Kifungu cha 202, yaani nyumba nafuu za wazee wenye kipato kidogo, hufadhiliwa na kufuatiliwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani, HUD, na mpangaji kwa kawaida hulipa kodi ya asilimia 30 ya kipato kilichorekebishwa, yaani kipato baada ya makato yanayoruhusiwa. Kwa hiyo dai meneja wa jengo akupe hesabu ya kodi kwa maandishi, uone kama gharama za matibabu zinazoruhusiwa zimeondolewa. Sisi risiti za dawa za mama yetu zilikuwa zimelala droo ya jikoni!

Lifti: mwandikie meneja, weka tarehe na picha. Akinyamaza, peleka malalamiko HUD. Ila mama asisitishe kulipa kodi, na notisi ya kumtoa ikija, tafuta wakili siku hiyohiyo.