Viola Davis alianzia jukwaani

Dada, umeuliza kama Viola Davis ni mwigizaji wa filamu aliyekuja kujaribu tamthilia za jukwaani baadaye. Hapana, ni kinyume chake kabisa. Alihitimu Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, mwaka 1993, na 1996 akapanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za jiji hilo, katika Seven Guitars ya mwandishi wa tamthilia August Wilson. Tuzo ya kwanza ya Tony, inayotolewa kwa tamthilia za Broadway, aliipata 2001, kwa King Hedley II ya Wilson huyohuyo, wakati wapenzi wengi wa sinema hawamjui hata kwa sura.

Kilichomtambulisha kwao ni filamu ya Doubt ya 2008. Humo anaonekana dakika chache tu: mama aliyevaa koti, anatembea na mtawa, ambaye ni Meryl Streep, wakizungumza habari za mwanawe. Mtazame machozi yanapomtoka na kamasi zikimchuruzika, wala hahangaiki kuzifuta. Pale hakuna urembo, kuna mzazi anayempigania mtoto. Dakika hizo zilitosha kumfanya ateuliwe kuwania Oscar.

Mimi lakini nampenda zaidi akiwa Rose katika tamthilia ya Fences. Alimwigiza Broadway 2010 pamoja na Denzel Washington, akapata Tony ya pili, kisha wakamrudia Rose kwenye filamu ya 2016 na Oscar ikaja. Katikati hapo, 2015, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia ya televisheni. Ukipata nafasi ya kutazama moja tu wikiendi hii, anza na Fences.