Shilingi ya simba yenye upande mmoja mtupu, ni ya majaribio kweli?

Swali: Mkuu, nimerithi shilingi ya East Africa ya 1925, upande wa simba upo safi ila upande wa mfalme hauna kitu, laini kabisa. Jamaa mmoja anasema ni ya majaribio ya kiwandani na nisiuze bei ya kutupa. Ni kweli?

Jibu: Pole ndugu yangu, ila kwa hayo uliyoeleza mimi nahisi imesagwa tu. Masonara na mafundi wameharibu sana hizi shilingi kwa kutengeneza vifungo na pete, wanasugua upande mmoja kwa tupa au msasa basi.

Anza na mizani ya sonara. Shilingi ya miaka ile ilikuwa na gramu 7.8 hivi, madini ya fedha robo tu, sasa yako ikipungua sana huenda kuna madini yameondolewa. Halafu igeuze uangalie ukingo, ile mistari yake ya pembeni inapigwa pamoja na sura, kwa hiyo iliyosagwa utaona mistari imekatwa ghafla upande mtupu na sarafu yenyewe imekuwa nyembamba. Chukua na lenzi utafute mikwaruzo inayoelekea upande mmoja.

Ya majaribio kweli ikoje? Mchongaji akishachonga dai, yaani muhuri wa kupigia sarafu, anataka kuona sura ilivyotoka, basi anaipiga kwenye kitu laini kama madini ya risasi au bati, mara nyingi upande mmoja tu, ndiyo maana uzito unaweza usilingane na wa sarafu ya kawaida na kipande kinaweza kuwa kinene au kipana kuliko kawaida, yaani uzito peke yake haumalizi kesi. Nyingi ziliyeyushwa palepale.

Wafaransa walirahisisha mambo, sarafu za Komoro za 1964 zipo zilizoandikwa ESSAI, yaani jaribio, hapo hakuna ubishi. Na usije ukauziwa heller 20 (sarafu za Wajerumani) za Tabora za 1916 kwa jina la majaribio eti kwa sababu nyingine shaba nyekundu nyingine shaba njano na chapa imekaa vibaya, zile Wajerumani walizipiga kwenye karakana ya reli wakati wa vita, zikatumika kama pesa kabisa.

Pima uniambie gramu ngapi, na piga picha ya ukingo, ya simba sihitaji. Ila usiisafishe kwanza, ukiing'arisha utaiondoa hiyo mikwaruzo tunayoitafuta.