Ada Yangu Ililipwa Yote, na Bado Nusura Nirudi Kilosa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati wa sekondari, na wazazi wakishauliza habari za mkopo wa chuo, huja swali la pili, tena kwa uchungu: "Mwalimu, kwa nini serikali isifute tu ada ya chuo kwa wote, kama ilivyofuta ya sekondari?" Wana haki ya kuuliza. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondolewa 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata 2022. Mzazi akiangalia juu anaona imebaki ngazi moja.

Mimi huwajibu kwa yaliyonikuta.

Niliingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2012, nikitokea Kilosa, mkoani Morogoro. Ualimu wa sayansi ulikuwa kozi ya kipaumbele, nikapangiwa mkopo wa ada asilimia mia. Siku ya kuripoti sikudaiwa hata shilingi ya ada. Shida ilikuwa kwenye hela ya kujikimu, bumu, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 7,500 kwa siku. Wenzangu walisaini kuipokea, mimi jina halikuonekana. Cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanahawa, cha kidato cha nne kilisema Mwanawa.

Nilikaa wiki saba bila bumu. Mama alikuwa anauza vitumbua stendi. Alinipa nauli na shilingi 80,000, na nilijua hakubakiza kitu. Dada mmoja wa mwaka wa pili, wa kwetu Kilosa, alinipokea hosteli tukawa tunabebana kitanda kimoja. Nilikula mara moja kwa siku, saa kumi jioni. Pasi ndefu, ndivyo wanafunzi wanavyoita. Asubuhi kwenye maabara mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kusoma kipimo, na mhadhiri alidhani sikujiandaa. Wiki ya sita nilifunga begi. Dada yule aliliona, akalifungua, akanipeleka kwa wakili kula kiapo cha jina, na nauli ya daladala alilipa yeye.

Ada yangu ilikuwa imelipwa yote. Kilichokuwa kinanirudisha nyumbani ni wali maharage.

Ndiyo maana mtu akisema chuo kiwe bure, namuuliza ni bure ya namna gani. Mkuu wangu wa kwanza wa shule alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sabini. Alipewa waranti ya treni, yaani safari bila kulipa nauli, akapewa chumba, akala mezani bila kutoa senti. Hiyo ndiyo bure kamili, na iliwezekana kwa sababu ya uchache wao. Chuo hicho kilipofungua milango Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wale na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Akila asirudi, amewasaliti ndugu zake. Idadi ilipokua na uchumi ukayumba, miaka ya tisini ukaja uchangiaji wa gharama, kisha Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005.

Mfano ule wa Mwalimu haunitoki, kwa sababu namjua aliyebaki kijijini. Kidato cha pili nilikaa dawati moja na binti aliyenizidi hesabu. Shule yetu ya kata ilikuwa mbali na kwao, wazazi wake wakampangishia chumba, geto la peke yake, ana miaka kumi na tano. Hakufika kidato cha tatu. Leo chuo kikiwa bure kwa wote, atakayenufaika kwanza ni mtoto aliyesomeshwa shule binafsi kwa ada ya mwaka inayozidi ada ya chuo. Yule binti isingemfikia hata kidogo. Kama hela ipo, ijenge mabweni ya shule za kata, halafu ihakikishe kila mwenye uhitaji anapata hela ya chakula siku anayoripoti. Ada ya watoto wa wenye uwezo isubiri. Najua jibu hili linawaudhi wengi, hata wenzangu ofisini.

Na kulipa nimelipa. Niliajiriwa 2017 kwa mshahara wa shilingi 716,000. Makato ya mkopo yalikuwa yametoka kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15, kwa hiyo kila mwezi 107,400 iliondoka kabla sijaiona. Kilichoniumiza zaidi ni ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Ilifanya deni lisogee kwa kusuasua hata ukikatwa kila mwezi. Ilifutwa 2021, na ilistahili kufutwa. Lakini yale makato yenyewe siyachukii. Yanampa bumu mtoto wa muuza vitumbua mwingine.

Sasa wewe unayeomba mwaka huu, usisubiri bure. Weka vyeti vyako vyote mezani leo na usome jina herufi kwa herufi. Likipishana, shughulikia kiapo sasa, maana uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, unachukua siku zake na dirisha la maombi halikungoji. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama sekondari ulisomeshwa na mfadhili, pata barua yake mapema. Bila hiyo utaonekana mtoto wa mwenye uwezo kwa sababu tu ya jina la shule yako. Fomu ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, kila ukurasa unaotaka sahihi uwe nayo. Ukikosa, kuna dirisha la rufaa, na nimeona waliopata huko.

Halafu mzazi, nakuomba sana: hela uliyoiweka kwa ajili ya ada usiimalize kwenye shughuli ya kumuaga mtoto. Mtengee chakula cha miezi miwili. Bumu sasa ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini kwa mwaka wa kwanza huwa linachelewa kwa sababu hii au ile, na mtoto hatakupigia kukwambia ana njaa. Mimi sikumpigia mama.

Mdogo wangu wa mwisho anaripoti mwaka huu. Cheti chake kimeshahakikiwa. Mama ameacha vitumbua, magoti yanamsumbua, lakini juzi nimemkuta anashona mfuko mdogo wa kitambaa wa kuweka shilingi laki sita, miezi miwili kamili. Ameniomba nimwandikie karatasi ya kuweka ndani: "Hii ni ya kula."