Mihadhara ya Geneva: achana na foleni ya mkubwa, mtafute aliyemshikia mkoba

Kila mwaka ikifika Agosti, wadogo zangu wanaokwenda Ulaya kusoma uhusiano wa kimataifa hunitumia ujumbe kuulizia nyumba, baridi na akaunti ya benki. Sijawahi kuulizwa kuhusu mihadhara ya wazi na shughuli za wanafunzi, zile zinazofanyika mchana wakati wa chakula au jioni baada ya vipindi. Wengi huzichukulia kama burudani ya mwenye nafasi. Mimi nasema zipangie muda kama unavyolipangia somo, ila uwe mchoyo: chagua vikao vidogo, na hivyo vikubwa viache vikupite bila majuto.

Nitazungumzia Geneva kwa sababu ndiko nilikosomea uzamili, kwenye taasisi ambayo mji mzima unaiita Graduate Institute. Ilianzishwa 1927 na William Rappard na Paul Mantoux. Huyo Mantoux alikuwa mkalimani wa vigogo kwenye mkutano wa amani wa Paris wa 1919, na Rappard ndiye ambaye jina lake limepewa jengo la Shirika la Biashara Duniani pale kando ya ziwa. Kofi Annan alisoma hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2008 taasisi iliunganishwa na chuo cha masomo ya maendeleo, na siku hizi makao yake ni Maison de la Paix, majengo ya vioo yaliyopangwa kama petali za ua, ubavuni kabisa mwa reli. Ndani ya majengo hayohayo wamepanga majirani: kituo cha sera za usalama, kituo cha usimamizi wa majeshi na polisi, na kituo cha kutegua mabomu ya ardhini. Ukishuka kununua kahawa unaweza ukajikuta umepanga foleni nyuma ya mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu mabomu yaliyobaki mashambani baada ya vita. Majirani hao nao wana vikao vyao, na wanafunzi wengi hawajui hata kama wanaruhusiwa kuingia.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ratiba ya mihadhara Geneva haipangwi na chuo peke yake. Inafuata msimu wa mikutano. Baraza la Haki za Binadamu hukaa mara tatu kwa mwaka, kuanzia Februari au Machi, kisha Juni, kisha Septemba. Mei ni Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Juni ni mkutano wa Shirika la Kazi. Misimu hiyo mji hujaa mawaziri, makatibu wakuu na wanaharakati waliokuja kwa nauli ya mtu mwingine, na vyuo huwadaka hapohapo. Bahati mbaya Mei ndiyo pia msimu wa kumalizia kazi za darasani. Kamilisha insha zako Aprili. Najua hutafanya hivyo, lakini nimekwambia.

Sasa hiyo mikubwa. Ukumbi wa Ivan Pictet unapojaa kwa sababu amekuja mkuu wa shirika au rais mstaafu, kila mtu anataka awepo, na mimi simlaumu mtu kwenda mara moja aone. Ila tazama kinachotokea. Mgeni anasoma hotuba iliyoandikwa na wasaidizi wake, ambayo kesho yake itakuwa kwenye tovuti neno kwa neno. Kisha mwendesha mjadala anasema muda umetubana, tutachukua maswali matatu kwa mpigo. Hapo ndipo mchezo unapoishia. Mgeni akipewa maswali matatu pamoja, analijibu lile analolipenda, lile gumu analigusa kwa upande na kusema “ni suala muhimu sana”, na lililobaki linasahaulika kabisa. Kama ni lazima uulize kwenye mkutano wa namna hiyo, jitahidi uwe wa mwisho katika lile kundi la watatu, maana swali lako ndilo litakuwa bado linalia masikioni. Uliza kitu kinachojibika kwa ndiyo au hapana, ili akikikwepa ukumbi mzima uone amekikwepa.

Vikao vidogo ni habari nyingine. Hivi vinafanyika saa sita na nusu mchana, chumba cha ghorofani, meza ndefu, mikate iliyokatwa pembe tatu, na mgeni ni ofisa ambaye jina lake hujawahi kulisikia. Tangazo lake halivutii hata kidogo. Nitatoa mfano wa kimoja kilichohusu ruzuku za uvuvi, yaani fedha ambazo serikali huwapa wavuvi wao. Nchi zilikuwa zimebishana juu ya jambo hilo tangu duru ya Doha ya mazungumzo ya Shirika la Biashara Duniani ilipoanza 2001, mkataba ukapitishwa Geneva Juni 2022, na umeanza kutumika rasmi Septemba 2025. Mgeni alikuwa mmoja wa waliokesha kwenye majadiliano. Sisi wasikilizaji tulitosha kuzunguka meza na viti vichache vikabaki.

Mimi nina baba mdogo mvuvi Kilwa, kwa hiyo sikwenda pale kwa ajili ya mikate. Nilikuwa nimeusoma mkataba wenyewe usiku uliotangulia. Ni mfupi, unamalizika kwa kikombe kimoja cha chai. Kuna kifungu kinachokataza ruzuku kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi, na nikauliza: katika maji yetu, ni nani anayetamka kwamba samaki hawa wamevuliwa kupita kiasi, ni serikali yetu au ni tume ya jodari iliyoko Ushelisheli? Basi. Sikutoa utangulizi wala historia ya Kilwa. Yule bwana akaziacha slaidi zake, akachukua kalamu, akachora ubaoni mstari wa pwani, akachora mwingine wa maili 200 za baharini, pale mamlaka ya nchi juu ya samaki yanapoishia, akaanza kueleza: nchi yenye pwani inaweza kutamka kwa maji yake, tume nayo inaweza kutamka kwa samaki walio chini ya mamlaka yake, na nani hasa aliogopa nini mpaka kifungu kikaandikwa hivyo. Alipofika hapo akaongeza kwamba nchi isiyo na wataalamu wa kuhesabu samaki wake ina haki ya kutamka ambayo haina uwezo wa kuitumia. Hicho hukipati kwenye tovuti.

Wakati wa kutoka, mama mmoja aliyekaa kimya muda wote mwisho wa meza akanisogelea.

“Mwanangu, wewe mtu wa pwani?”

“Shikamoo mama. Ndiyo, kwetu Kilwa.”

“Marahaba. Nilijua tu ulipotaja jodari.”

Kumbe anashughulikia biashara kwenye ubalozi wa mojawapo ya nchi zetu za Afrika Mashariki. Tulisimama kwenye korido mpaka watu wa usafi wakaanza kuzoa sahani. Aliniandikia jina la ofisa wa uvuvi nyumbani, na huyo ofisa ndiye aliyenipa takwimu za tasnifu yangu nzima. Ningeandika barua pepe kwa anwani ya wizara, sidhani kama ningejibiwa hadi leo.

Ndiyo maana nasema swali liandaliwe. Wasomi wetu tuna ugonjwa wa kuanza na shukrani kwa mwenyekiti, meza kuu na waandaaji, kisha maoni, kisha maoni juu ya maoni, na swali linakuja likiwa limechoka. Taja jina lako, taja unakotoka, uliza, kaa. Sentensi mbili zinatosha. Heshima ya kwetu haitapungua. Utaionyesha baadaye kwa kusalimia vizuri.

Kabla hujaandika chochote mtandaoni, uliza kikao kinaendeshwa kwa utaratibu gani. Vikao vingi vidogo hufuata kanuni ya Chatham House, iliyotungwa London 1927, mwaka uleule taasisi yetu ilipozaliwa. Inaruhusu kutumia ulichokisikia, ila hairuhusu kumtaja aliyesema wala shirika analotoka, wala wengine waliokuwemo. Watu hudhani kanuni hii ni ya siri. Ukweli ni kwamba inakupa ruhusa kubwa sana: unaweza kuliandika wazo lenyewe kwenye insha yako, ukaacha jina. Ukipiga picha ya mgeni mbele ya slaidi yake na kuirusha, umemharibia yeye na umejifungia mlango wewe.

Baada ya mhadhara huja kinachoitwa apero: mvinyo, jibini, karanga, na viduara vyembamba vyekundu kwenye sahani. Ndugu zangu Waislamu, hivyo viduara kwa kawaida ni soseji kavu za nguruwe. Pita pembeni, juisi ya machungwa na jibini vipo. Geneva mji wa ghali, na kuna wiki mwanafunzi anaweza kuishi kwa apero, wala sioni aibu kulisema.

Hapo utaona foleni imejipanga mbele ya mgeni mkubwa. Kila aliyepanga anataka picha na kadi. Usipange. Angalia pembeni, utamwona kijana au dada amesimama peke yake, ameshika koti na mkoba wa mkubwa, macho kwenye saa. Huyo ndiye aliyeiandika hotuba. Huyo ndiye anayesoma barua pepe za ofisi na kuamua ipi imfikie bosi. Na mara nyingi hakuna aliyezungumza naye jioni yote. Muulize kuhusu aya fulani ya hotuba, muulize anafanya kazi gani hasa. Usiku huohuo mwandikie aya moja ukimkumbusha swali lako, bila kuomba kazi, bila kuambatisha wasifu. Kazi iombwe siku nyingine, akishakufahamu.

Wenzetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wana mtaji hapa ambao sisi wa Dar na Nairobi hatuna. Taasisi inafundisha kwa Kiingereza na Kifaransa, na wapo wageni ambao kwa Kiingereza ni wakavu kama karatasi, lakini akiulizwa kwa Kifaransa anafunguka. Mimi nilikuwa nakaa makusudi karibu na rafiki yangu Mkongo. Yeye anauliza, mimi naandika, kisha tunabadilishana kwa Kiswahili kwenye tramu ya kurudi nyumbani.

Palais des Nations, makao ya Umoja wa Mataifa Geneva, nako kuna vikao vya pembeni wakati Baraza la Haki za Binadamu linakaa, na ni karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Huingii hivihivi: unajisajili mtandaoni mapema, mara nyingi kupitia shirika lisilo la kiserikali lenye hadhi ya ushauri Umoja wa Mataifa, unaidhinishwa, kisha unachukua beji kwenye lango la Pregny ukiwa na pasipoti. Weka muda wa foleni ya ukaguzi. Chama cha wanafunzi kikiwa na urafiki na shirika la namna hiyo, beji zinapatikana bila kuhangaika.

Hilo linanileta kwenye vyama. Chama cha wanafunzi wa Afrika au cha fani yako kina bajeti ndogo na ruhusa ya kutumia chumba, na hivyo viwili ni vikubwa kuliko vinavyoonekana. Andaa kikao chako mwenyewe. Ukiwa mwalikaji, una sababu halali ya kumwandikia mtu yeyote mjini, na wengi hukubali kwa kuwa ofisi zao ziko vituo viwili vya tramu kutoka hapo. Usimwalike balozi, mwalike ofisa wa dawati, yule anayeishughulikia mada hiyo kila siku, kwa kuwa balozi akija, protokali itakula nusu ya saa na ofisa atakuja naye lakini hatafungua mdomo. Barua iwe na mistari michache: nani anaalika, mada gani, siku na saa, watu wangapi, kanuni ipi ya kunukuu. Tafuta na mtu wa akiba, maana wageni wa Geneva huitwa kikaoni ghafla na kuahirisha saa chache kabla. Kazi ya kuongoza mjadala mpe mwanafunzi asiyeogopa kumkatiza mzee. Katika ukumbi mmoja mjini niliwahi kushuhudia mstaafu akishika kipaza sauti na kusimulia maisha yake mpaka mgeni akaondoka kuwahi ndege, na mwendesha mjadala anatabasamu tu.

Kwa mliopo nyumbani mnaosubiri majibu ya maombi, mihadhara mingi mikubwa inarekodiwa na kuwekwa YouTube. Msiimalizie bando kwenye hotuba. Ruka mpaka pale maswali yanapoanza, sikiliza nani ameuliza nini na kipi hakijajibiwa, kisha andika hicho ambacho hakijajibiwa kwenye barua yako ya maombi.